Wasomaji Wanauliza: Mguu Umevunjika, Nani Alipe?

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zimetoka Mwanza na visiwa vyake, na zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu aliyeumia barabarani au kazini anamdai nani, na adai kabla ya lini. Majina ya waandishi tumeyaondoa, pamoja na yale ya waajiri na wenye magari waliotajwa.

*Mume wangu ni fundi seremala. Mwezi wa tatu alikuwa abiria kwenye haisi iliyotoka Buhongwa kuja mjini. Walipofika karibu na Mkolani dereva akataka kulipita lori, gari likaacha njia na kuingia mtaroni. Mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili, na mpaka leo amefungwa antena, vile vyuma vya nje vinavyoshika mfupa. Mwenye gari amekuja nyumbani mara tatu. Mara ya kwanza alileta shilingi 150,000 na mfuko wa matunda. Safari ya mwisho alikuja na karatasi iliyochapwa, akataka tusaini kwamba tumemalizana kwa shilingi 800,000. Wakwe zangu wanasema tuchukue, kwa kuwa kesi huchukua miaka na yeye ni mtu mstaarabu. Nifanye nini? — Msomaji, Buhongwa*

Dada yangu, mpe mgonjwa pole zetu. Kwa sasa msisaini. Sisemi hivyo kwa sababu 800,000 ni ndogo, ingawa kwa mguu uliovunjika sehemu mbili ni ndogo kweli. Ninasema hivyo kwa sababu hakuna mtu, hata daktari wake, anayeweza kusema leo mguu huo utagharimu kiasi gani. Antena ikitolewa, huenda akafungwa hogo, yaani plasta ngumu, huenda akahitaji upasuaji mwingine, huenda mguu ukaungana ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, na seremala asiyeweza kusimama kutwa nzima mbele ya meza ya randa amepoteza zaidi ya gharama za hospitali. Karatasi inayosema "tumemalizana" hufunga mlango wa yote hayo. Kuifungua baadaye kunawezekana mahakamani iwapo mtathibitisha kwamba mlidanganywa au mlilazimishwa, lakini ni kazi ngumu kuliko dai lenyewe.

Kuhusu ustaarabu wa mwenye gari, msiudharau, wala msiufanye kuwa malipo. Alichokwishatoa kipokeeni na mkiandikie stakabadhi yenye maneno haya au yanayofanana nayo: "Nimepokea shilingi 150,000 kwa ajili ya kusaidia matibabu; kupokea fedha hizi hakuondoi haki yangu ya kudai fidia." Asaini yeye, asaini mumeo, na awepo shahidi, ikiwezekana mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mwenye nia njema hatakataa maneno hayo. Akikataa, mtakuwa mmejua karatasi yake ilikuwa na shabaha gani. Jambo ambalo pengine yeye mwenyewe halijui ni kwamba mikataba mingi ya bima humkataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, hivyo makubaliano anayoyakimbilia sebuleni kwenu yanaweza kumharibia yeye kuliko ninyi.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu lako. Chini ya Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, hakuna chombo cha moto kinachoruhusiwa kutembea barabarani bila bima inayolinda watu wengine, ile ambayo wengi huiita bima ndogo, na kwa gari linalobeba abiria kwa nauli ulinzi huo unamfikia pia abiria aliyeketi ndani. Kwa hiyo mnayemdai, kwa vitendo, ni kampuni ya bima iliyo nyuma ya mwenye gari. Chukua namba ya usajili wa haisi hiyo na uihakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambao huonyesha gari lina bima ya kampuni gani na inaisha lini. Kama simu inakusumbua, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo hapo Mwanza. Angalieni kwa makini kama bima ilikuwa hai siku ya ajali, kwa sababu stika iliyokatwa kesho yake haiwasaidii.

Watu wengi huchanganya kesi mbili zinazozaliwa na ajali moja. Kesi ya kwanza ni ya jinai, ambayo polisi humshitaki dereva kwa Sheria ya Usalama Barabarani. Dereva akikutwa na hatia na kutozwa faini, faini hiyo huingia serikalini, na mumeo hapati hata senti. Lakini msiipuuze kesi hiyo wala msikubali iishie kituoni kwa maelewano, kwa kuwa hukumu ya kumtia dereva hatiani ni ushahidi mzito katika kesi ya pili, ile ya madai, na kampuni nyingi za bima huiomba nakala yake kabla ya kuzungumza nanyi kuhusu kiasi. Nendeni kikosi cha usalama barabarani mkaulize jalada limefika wapi na kesi itatajwa lini.

Mkiwa huko, ombeni karatasi zote. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mnayo bila shaka, kwa kuwa hospitali iliijaza alipopokelewa. Hakikisheni daktari ameandika majeraha yote, pamoja na yale ambayo siku ile yalionekana madogo. Zaidi ya hiyo kuna taarifa za polisi za ajali, ambazo ni PF 90 na PF 115, ripoti ya ukaguzi wa gari, ambayo ni PF 93, na mchoro wa eneo la ajali. Ongezeni picha za eksirei, fomu ya kuruhusiwa kutoka wodini na kila risiti. Ninasisitiza risiti kwa sababu mahakama zetu hugawa fidia katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni fidia maalumu, yaani fedha mlizotumia na kipato kilichopotea, ambayo hutajwa kwa tarakimu na kuthibitishwa senti kwa senti. Nauli ya bajaji isiyo na karatasi huenda ikaanguka hapo hapo. La pili ni fidia ya jumla, kwa maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika, ambayo hakimu huikadiria mwenyewe kwa kuangalia uzito wa jeraha.

Utauliza seremala asiye na hati ya mshahara atathibitishaje kipato chake. Niliwahi kuletewa daftari la shule la kurasa 96, jalada lake limelowa vanishi, ambamo fundi aliandika kila oda: kitanda futi tano kwa sita, malipo ya awali, baki, jina la mteja na tarehe. Lilikuwa na harufu ya gundi na hesabu nyingine zilikuwa zimefutwafutwa, lakini lilisomeka, na kila mstari ulikuwa na mteja anayeweza kuitwa kuthibitisha. Kama mumeo ana daftari la namna hiyo, au miamala ya wateja kwenye simu, viwekeni pamoja na PF3.

Baada ya hapo andikeni barua ya madai kwa mwenye gari, na nakala kwa kampuni ya bima, mkiambatisha nakala za hati hizo. Mengi ya madai haya huishia mezani. Kampuni ikikataa bila sababu au ikitoa kiasi cha dhihaka, mnaweza kulalamika TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ikishindikana, mfungue shauri la madai dhidi ya dereva na mwenye gari, mkiijulisha kampuni ya bima kwa maandishi mapema kabisa, kwa sababu sheria inaitaka ipewe taarifa ya shauri hilo ndipo iwajibike kulipa hukumu. Ukomo wa kufungua shauri la uzembe ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Wakwe zako wana haki kusema kesi ni ndefu, lakini mguu wenyewe haujapona, na miaka 3 inatosha kuusubiri utulie, daktari aandike kiwango cha ulemavu, ndipo mzungumze kiasi.

*Nimefanya kazi miaka miwili katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Ilemela, nikilipwa kwa siku. Miezi mitano iliyopita mashine ya kumenya ngozi ilinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kiwanda kililipa hospitali na kunipa shilingi 200,000. Wiki mbili zilizopita msimamizi wa zamu aliniambia nisije tena, na nilipouliza fidia alisema sheria hiyo ni ya wenye mikataba, sisi vibarua hatumo. Aliongeza kwamba nilikuwa sijavaa glavu, kwa hiyo kosa ni langu. Je, ni kweli? — Msomaji, Kirumba*

Si kweli kwa yote mawili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Unamlinda mfanyakazi wa Tanzania Bara kwa kuwa ameumia akifanya kazi ya mwajiri wake, na namna anavyolipwa, kwa mwezi au kwa siku, haimtoi nje. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Kwa sekta binafsi sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara, na haruhusiwi kuukata kwenye ujira wa mfanyakazi. Hata kama kiwanda hakijajisajili au hakichangii, kosa hilo ni la kiwanda na halikuondolei wewe haki ya kuwasilisha dai.

Suala la glavu ndilo wanalolipenda sana wasimamizi, na ndilo lenye uzito mdogo. Fidia ya Mfuko haitafuti nani alizembea. Ingetafuta hivyo, nusu ya majeraha ya viwandani yasingelipwa, kwa sababu mtu anayesukumwa amalize kreti kabla ya zamu kwisha huvua glavu inayoteleza ili vidole vishike samaki vizuri, na msimamizi humwona na kunyamaza mpaka siku ya ajali. Kinachoweza kumnyima mtu fidia ni utovu mkubwa wa nidhamu wa makusudi, na hata huo hauzingatiwi pale jeraha linapoleta kifo au ulemavu mkubwa.

Mwajiri wako alitakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7 baada ya kujua kuhusu ajali. Kwa maelezo yako, hakufanya hivyo. Wewe una miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha dai, na mitano imekwisha. Nenda mwenyewe katika ofisi ya Mfuko hapo Mwanza ukiwa na kitambulisho, karatasi za hospitali, majina ya wenzako waliokuwa zamu moja nawe na chochote kinachoonyesha kwamba ulikuwa ukifanya kazi pale, iwe ni kadi ya kuingilia getini, ujumbe wa malipo kwenye simu au picha ya ubao wa mahudhurio. Fungua jalada hata kama huna kila kitu.

Stahili zenyewe ni zaidi ya wanavyodhani wengi. Mbali na matibabu, kwa muda ambao hukuweza kufanya kazi kabisa Mfuko hulipa asilimia 70 ya kipato cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24, yaani aliyekuwa akipata 300,000 hupata 210,000. Vidole viwili ni ulemavu wa kudumu, hivyo daktari atapima kiwango chake kwa asilimia: kisipozidi asilimia 30 utalipwa kwa mkupuo, kikizidi hapo utalipwa pensheni ya kila mwezi. Zile 200,000 hazifuti lolote kati ya haya. Usiporidhika na uamuzi, unaweza kuomba upitiwe upya na Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, na zipo ngazi za rufaa juu yake.

Lakini kuna saa nyingine inayokimbia haraka zaidi. Kuachishwa kazi ni mgogoro tofauti na jeraha, na hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Umesema zimepita wiki mbili. CMA uiendee wiki hii, WCF wiki hii hii. Ukichelewa CMA itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyoipoteza.

*Mimi ni mvuvi wa dagaa, Ukerewe. Mtumbwi, nyavu, taa na injini ni vya tajiri. Tunatoa kwanza gharama za mafuta kwenye mauzo, halafu tajiri anachukua fungu lake na sisi tunagawana linalobaki. Miezi kumi iliyopita, usiku, pangaboi la injini lilinikata kiganja nilipokuwa nafungua nyavu iliyojiviringisha. Tajiri alinipa nauli ya kwenda hospitali Nansio na akanyamaza. Watu wa mwaloni wanasema sina cha kudai kwa kuwa sikuajiriwa, tulikuwa tunagawana. — Msomaji, Ukerewe*

Ndugu yangu, swali lako ndilo gumu kuliko yote ya mwezi huu, na nitakujibu bila kukupa matumaini ya bure.

Watu wa mwaloni wanaangalia namna mnavyolipana, lakini sheria huangalia mambo mengi zaidi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema kwamba anayemfanyia kazi mwingine huchukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali sura ya mkataba, iwapo hata moja tu kati ya sifa zilizotajwa ipo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya shughuli ya huyo mwingine, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu. Jitazame mwenyewe. Injini si yako. Tajiri ndiye anayesema leo mnaingia ziwani au mbalamwezi imezidi, na kwa usiku kumi tu wa giza saa 45 zimeshapita. Tajiri anaruhusiwa kuleta ushahidi wa kupinga, na hoja yake itakuwa ni hiyo ya mafungu: kwamba aliyekubali kugawana hasara ya usiku mtupu ni mshirika. Kwa maoni yangu, ushirika ambao mmoja ana mtumbwi na mwenzake ana mikono tu ni vigumu kuuita ushirika, lakini uamuzi si wangu.

Kinachonitia wasiwasi ni miezi yako kumi. Umebakiwa na miezi miwili ya kuwasilisha dai WCF, na safari ya kutoka kisiwani hupangwa ikapanguliwa. Kabla ya kupanda meli, nenda kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo wenu, uombe barua inayoeleza ulikuwa ukivua kwa mtumbwi upi, wa nani, tangu lini, na kwamba uliumia usiku fulani. Mtafute anayeshika daftari la mizani, kwa kuwa majina ya mabaharia wa kila mtumbwi mara nyingi yameandikwa pembeni ya kilo, na upige picha kurasa zenye jina lako. Chukua karatasi ya hospitali ya Nansio yenye tarehe ya siku ile ile. Mfuko ukikataa kwamba ulikuwa mwajiriwa, bado unaweza kumdai tajiri mwenyewe mahakamani kwa uzembe ndani ya miaka 3 ya jeraha, ikiwa mfano injini haikuwa na kinga ya pangaboi au nahodha aliiwasha mkono wako ukiwa bado majini. Huko itakubidi uthibitishe kosa, tofauti na WCF. Anza na WCF.

*Kijana wangu amelazwa baada ya kugongwa na pikipiki Igoma. Kuna bwana anayezunguka wodini anasema atatufuatilia fidia bila sisi kutoa hata shilingi, ila ikitoka achukue asilimia 40. Anataka PF3 na kitambulisho. Tumpe? — Msomaji, Igoma*

Hapana, mama. Mwulize jina lake kamili na namba yake ya uwakili, kisha uhakikishe kwa Chama cha Mawakili wa Tanganyika kama ana leseni ya mwaka huu. Vishoka, yaani mawakili bandia, wengi wao huaga hapo hapo. Dai la kijana wako linaanza kwa hatua zile zile tulizomweleza msomaji wa Buhongwa, kwa kuwa pikipiki nayo ni chombo cha moto na inatakiwa kuwa na bima. Kama hamna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu inaweza kuwaelekeza walipo. PF3 halisi ibaki kwako. Yeyote anayeihitaji, awe wakili au ofisa wa bima, umpe nakala na uandike nyuma yake umempa nani na tarehe gani.